Mashine Iliyomkataa Asya

Mashine ilimkataa mwanangu mara tatu.

Si mara moja, jamani. Mara tatu, mbele za watu, na mtoto mwenyewe ana miaka sita, hajawahi kumkosea mtu yeyote.

Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikakasirika. Mara ya tatu ndipo nilipojua kwamba mashine haikuwa na kosa lolote, ila nyumba nzima ya dada yangu ilikuwa inanichezea shere.

Kaeni vizuri niwape kisa. Ni changu mwenyewe, sikukisikia kwa mtu.

Naitwa Harub. Nakaa Sur, huku Oman, mtaa wa Aija, ukishavuka daraja tu. Kazi yangu ni baladia, yaani manispaa, naandika leseni za maduka. Si kazi ya kuhadithia watu.

Mke wangu alikuwa Israa. Alifariki siku chache baada ya kumzaa Asya.

Nimelisema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyolisema siku zote, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Mazikoni sikulia. Baada ya mazishi sikulia. Watu wakasema Harub ana subira kubwa, mashallah.

Haikuwa subira. Ndani hakukuwa na kitu, basi.

Ushawahi kulala umeulalia mkono? Unaamka, mkono hauna habari na wewe, unaunyanyua kwa mkono wa pili kama wa mtu mwengine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na nikazoea.

Dada yangu mkubwa anaitwa Taghreed, anakaa Nizwa. Mungu hakumjaalia mtoto. Alikuja Sur, akamvisha Asya nguo, akamfunga kwenye shali, akaniambia:

"Huyu nakwenda nae, Harub. We hapo ulipo hata chai huwezi kujipikia."

"Zain," nikamwambia. "Mchukue."

Hata kitini sikunyanyuka.

Basi Asya amekulia Nizwa. Taghreed anamwita mama, na mume wa Taghreed, Marzouq, anamwita baba. Hakufichwa kitu. Jina lake ni Asya binti Harub na anajua vizuri mimi ni nani. Lakini kwa vile baba wa nyumbani ameshapatikana, mimi akanitafutia jina langu.

Baba Sur.

Kama vile anavyomwita mama yangu, anayekaa Ibra, Bibi Ibra. Tunaitwa kwa miji yetu, watu wa sikukuu na wa kuletewa salamu.

Sasa hapa ndipo habari ya mpaka inapoingia.

Marzouq alipata kazi Al Ain, upande wa pili wa mpaka, Imarati. Kila skuli zikifungwa, Taghreed anapakia gari, anamchukua Asya, wanamfuata. Na mtoto mdogo havuki mpaka hivi hivi tu. Lazima baba yake aridhie, na baba aliyeandikwa ni mimi.

Kwa hiyo simu inalia.

"Harub, tunavuka Alkhamisi. Njoo mpakani."

"Dada Taghreed, siwezi kuandika karatasi ya ruhusa nikakupa, ukawa nayo?"

"Karatasi hawaitaki. Wanataka uso wako."

Asikwambie mtu, kutoka Sur mpaka kule ni kuikata nchi ubavu kwa ubavu. Naondoka asubuhi, napita Ibra namwamkia mama, nakamata njia ya Nizwa, naendelea mpaka kiuno kinalalamika. Nikifika, nasimama dirishani pamoja nao. Askari ananitazama, anaitazama pasi ya mtoto, anapiga muhuri.

"Ahlan, Baba Sur," anasema Asya.

"Ahlan," namwambia.

Kila mara ananipa kitu. Tende iliyobanwa mkononi mpaka imelainika. Jiwe. Picha ya paka aliyoichora mwenyewe, miguu mitano. Naitia mfukoni, wanavuka, mimi nageuza gari.

Miaka ikapita hivyo. Nikiitwa nakwenda, nisipoitwa nakaa. Taghreed akinipigia kuniambia mtoto ana homa, namwambia mpeleke hospitali. Akiniambia mtoto kaota jino, namwambia mabruk. Nilikuwa simchukii mtu, na sina hili wala lile.

Mwaka huu kijana mmoja wa ofisini kwetu, Yazeed, aliniona naomba ruhusa ya kutoka mapema Alkhamisi.

"Ami Harub, bado unakwenda kusimama dirishani? Siku hizi kuna mageti ya mashine. Unamsajili mtoto mara moja, uso wake na vidole vyake, unamwandika na mtu wa kumsindikiza. Khalas. Anapita kama mtu mzima, na wewe uko kwako umelala."

Mpango wa msafiri wa kuaminika, ndivyo wanavyouita. Yazeed alikuwa ameshasajili watoto wake wote, mpaka mdogo anayenyonya kidole.

Nikaona hiyo ndiyo dawa.

Nasema kweli, mtoto sikumfikiria. Nilifikiria barabara. Nilimfikiria Harub yuko nyumbani siku ya Alkhamisi, kajinyoosha, simu imenyamaza.

Nikampigia dada.

"Mtoto wa miaka sita mashine za nini?"

"Wanasajiliwa, dada. Hata wadogo zaidi."

"Haya. We ndo baba'ke."

Nikachukua miadi kwenye ofisi moja Nizwa. Njiani nikapita Ibra kama kawaida yangu, nikamkuta mama kakaa barazani na buli lake la kahawa. Mama, Bi Mahfudha, ni wa Unguja mjini hasa, mpaka leo anakuna nazi kwa mbuzi wakati maduka yamejaa nazi za pakiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda mpakani?"

"Nakwenda kumsajili Asya. Baada ya leo sitokuwa na haja ya kwenda mpakani tena."

Akamimina kahawa, akanisogezea kikombe.

"Na mie utapita kuniamkia lini?"

Nikanywa kahawa, nikaondoka.

Basi, siku ya kwanza.

Ofisini alikuwepo binti mmoja anaitwa Najla, kijana, mtaratibu, kavaa miwani. Aliposikia tunasema Kiswahili akafurahi, akajitia na yeye. Kiswahili chake kinachechemea, kama cha wengi waliozaliwa huku, lakini alikuwa anajitahidi.

"Karibu ami. Lete mtoto, akae hapa, aangalie kamera."

Taghreed akamvua Asya kofia.

La haula.

Nyusi zimechorwa kwa wanja, nene, zimekutana katikati. Kwenye paji la uso kuna tone jeusi linatosha kuziba tundu la kufuli. Na jengine tena kidevuni. Mtoto alikuwa na wanja wa kutosha watoto wachanga wa mtaa mzima.

Mashine ikalia, ikaandika nyekundu.

"Ami," akasema Najla taratibu, "uso yake iko na rangi. Mashine hataki."

Nikacheka. Nikampeleka Asya bombani kumuosha. Wanja ule ulikuwa wa nyumbani, wa masizi na mafuta, na wanja wa masizi ukiutia maji ndiyo unaamka. Ukashuka mashavuni, ukaingia masikioni. Tuliporudi mtoto alikuwa kama katoka chini ya gari.

Najla akatutafutia siku nyengine.

Nje nikamuuliza dada yangu, "Mtoto wa miaka sita unampaka wanja kama mchanga wa siku arubaini?"

"Watu wana macho, Harub. Mahala penyewe panapita watu mia na mia, mtoto mwenyewe mzuri, mashallah, nimtoe uso mtupu?"

Hapo huna la kusema. Ukibishana habari ya jicho na mwanamke wa kwetu, utatoka mwenye makosa wewe. Nikarudi Sur.

Siku ya pili, uso wa Asya ulikuwa safi kabisa. Nikashukuru. Mashine ikapiga picha, ikaridhika.

"Mumtaz!" akasema Najla. "Sasa vidole."

Asya akanyoosha mikono.

Vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi. Hina na piko, vimechovywa mpaka kwenye kiungo, ving'aavyo, kama vya bibi harusi mwenyewe.

Kioo cha vidole kikawaka, kikazima. Kikawaka tena, kikazima. Najla akakifuta kwa kitambaa. Akafuta na vidole vya Asya. Akatutazama.

"Ami, hii vidole haisomi. Ngoja mpaka itoke. Na picha peke yake haishiki, lazima vyote siku moja."

Hina ya namna ile haitoki kesho wala keshokutwa.

Safari hii nilikasirika, au nilifanya kile ambacho mtu aliyekasirika hufanya: nilipandisha sauti pale kwenye maegesho ya magari.

"Dada, unanifanyia makusudi?"

"Makusudi ya nini? Kulikuwa na harusi kule Manah. Watoto wote wametiwa hina, wangu nimfunge mikono?"

"Ulijua leo tuna miadi."

"Na harusi wameipanga kabla ya miadi yako."

Asya alikuwa kasimama baina yetu, anazinusa hina zake. Akanivuta kanzu.

"Baba Sur, zimekolea?"

"Zimekolea," nikamwambia. Nikapanda gari.

Skuli zikafungwa kabla hina haijatoka. Simu ikalia. Nikaenda mpakani, nikasimama dirishani, muhuri ukapigwa. Nikapewa ganda la yai lililopakwa rangi. Nikarudi.

Siku ya tatu sikutaka mchezo. Nililala Ibra kwa mama, nikatoka alfajiri, nikafika Nizwa kabla hawajamaliza kifungua kinywa. Nikamkagua mtoto mlangoni kama afisa wa forodha. Uso, hakuna kitu. Vidole, hakuna kitu. Masikio, shingo, hata chini ya kofia nikaangalia.

"Unatafuta nini, Baba Sur?"

"Hakuna. Twende."

Taghreed njia nzima kageuzia uso dirishani. Nikadhani kanuna kwa sababu ameshindwa.

Ofisini tulianza na vidole. Kioo kikawaka kijani, kidole kimoja baada ya chengine, mpaka gumba la mwisho. Najla akapiga makofi. Asya akapandishwa kwenye kiti, akanyanyua kidevu kama alivyofundishwa.

Kamera ikahesabu. Asya akafumba macho.

Nyekundu.

"Habibti, angalia hapa, kwenye huyu ndege," akasema Najla. Alikuwa kabandika kijindege cha karatasi juu ya kamera.

Asya akamtazama ndege, akatabasamu. Kamera ikaanza kuhesabu. Akafumba macho, na safari hii aliyafumba kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana.

Nyekundu tena.

Wakajaribu na pipi. Wakajaribu na simu yenye katuni. Kila kamera ikihesabu, mtoto anafunga duka. Nyuma yetu watu walishaanza kukohoa.

Najla akatoa miwani, akaipangusa. Alikuwa anatafuta namna ya kunipoza.

"Ami, kama leo hapana, mafi mushkila, hakuna shida. Wewe endelea kuandika ile karatasi tu, mpaka atakuwa mkubwa."

"Karatasi gani?"

"Karatasi ya ruhusa. Baba anaandika, mama anashika, mtoto anapita. Watu wote anafanya hivyo." Akaniangalia. "Wewe ami ulikuwa unafanyaje?"

"Nakwenda mwenyewe."

"Kutoka Sur?"

"Kutoka Sur."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Binti wa watu akaanza kupanga kalamu zake ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Nikageuka. Dada yangu alikuwa kainamia mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Dada Taghreed."

"Nini?"

"Karatasi wanaitaka."

"Wanaitaka."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ule wanja?"

"Nimeuchemsha mwenyewe."

"Na hina?"

"Harusi ilikuwepo, wallahi. Lakini piko nilimzidishia."

"Na leo umemfundisha afumbe macho."

Hapo akanyanyua kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Hilo silijui, Harub. Naapa kwa Mungu. Hilo ni lake mwenyewe."

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Asya. Alikuwa bado kafumba, mikono kaikunja mapajani.

"Asya. Fumbua macho."

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki?"

"Nilimsikia mama anamwambia Bibi Ibra kwenye simu. Kasema mashine ikinichukua, Baba Sur hatokuja tena."

Sasa hapa mnataka niwaambie moyo ulinipasuka. Haukupasuka, na sitaki kuwadanganya. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia la ofisi, naziona kope za mtoto zinatetemeka kwa kubanwa, na ninachokumbuka ni kwamba zile kope zilikuwa za Israa. Nilikuwa sijawahi kuziangalia.

Nikasikia kitu kidogo chini ya mbavu. Mnaujua ule mkono uliolaliwa unapoanza kupata damu? Hauumi bado. Unawasha tu.

"Nikifumbua, utakuja?" akauliza Asya.

"Ntakuja."

"Hata usipoitwa?"

Najla alikuwa anaangalia dirishani. Taghreed kashika mdomo.

"Ntakuja," nikasema.

Nililisema kwa sauti ile ile ninayosemea kila kitu. Mwenyewe sikuliamini. Lakini watoto wanaamini upesi, akafumbua jicho moja, kisha la pili, kuona kama nipo.

"Ami, usinyanyuke," akanong'ona Najla. "Kaa hapo hapo, chini ya kamera."

Kamera ikahesabu. Asya akanitazama bila kupepesa.

Kijani.

Msindikizaji nikamwandika Taghreed, nikaweka saini yangu, mambo yakaisha. Mtoto wangu akawa msafiri wa kuaminika.

Nje, dada yangu akanishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya mazishi.

"Usidhani ntakuomba radhi," akasema. "Nilikuambia mtoto ana homa, hukuja. Nilikuambia kaanza skuli, hukuja. Nikaona huyu kwa ukweli haji, basi ntamwita kwa uongo. Na ulikuja, Harub. Kila mara ulikuja."

"Nilikuja kwa sababu ya muhuri."

"Najua ulikuja kwa muhuri. Mtoto hajui. Mtoto anajua kuna mtu kila mara anatoka mbali, anakuja kusimama pembeni yake."

Nikatoa funguo za gari, nikazirudisha mfukoni.

"Sasa mashine imemchukua," akasema Taghreed. "Mimi sina uongo mwengine."

Akampandisha Asya garini, wakaenda zao.

Skuli zikaja kufungwa tena. Ilikuwa Alkhamisi. Simu haikulia.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku hiyo kazini kwa mazoea, kwa hiyo nikabaki nyumbani, kama nilivyotaka. Nikapika chai. Nikakaa. Simu nimeiweka mezani, kioo juu. Nikaishika kuangalia kama ina chaji, ikawa nayo.

Natamani niwaambie nilishikwa na hamu ya mwanangu. Sikushikwa na hamu. Kilichonishika ni ile hali ya mtu aliyesahau kitu jikoni na hajui ni nini. Nikatoka kuliosha gari. Gari likawa safi. Nikaingia ndani ya gari kulisogeza kivulini, na kivuli cha kwanza nilichosimama chini yake kilikuwa Ibra, mbele ya baraza ya mama.

"Wamekwita?" akauliza mama.

"Hawakuniita."

Akaingia jikoni, akatoka na mkate wa kumimina kwenye sahani, kaufunika na kitambaa, bado una moto. Akautia kiti cha mbele mwenyewe, akaufunga na mkanda wa gari.

"Nenda basi. Ukikaa watavuka."

Nizwa nikakuta nyumba imefungwa. Nikaongeza mwendo. Nilianza kuogopa, na ilikuwa kioja kidogo kuogopa, kwa sababu kwa miaka sikuwa na kitu cha kuogopea. Nilikuwa nasema peke yangu garini: dada, simama mji wa Ibri ununue maji. Simama umkojoze mtoto. Simama tu.

Nilifika jua halijazama. Nikaingia kwenye ule ukumbi wa mageti na sahani mkononi, askari mmoja akaniuliza nakwenda wapi na mkate, nikamwambia sijui.

Walikuwa kwenye foleni. Taghreed ameshafika mbele, Asya nyuma yake na begi la mgongoni kubwa kuliko yeye.

Mtoto ndiye aliyeniona.

"Baba Sur!"

Watu wote wakageuka. Nikamfuata mpaka kwenye kamba.

"Nani kakuita?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mama hakukupigia simu?"

"Hakunipigia."

Akalifikiria jambo hilo kama mtu mzima anayehesabiwa chenji. Taghreed alikuwa kageuza uso ukutani, mabega yanamcheza.

Zamu yao ikafika. Taghreed akapita, geti likafunguka na kujifunga. Asya akabaki peke yake upande huu. Akasimama juu ya zile nyayo za rangi ya manjano zilizochorwa chini, akanyanyua kidevu, akaiangalia kamera.

Kisha akafumba macho.

Taa nyekundu.

"Yallah habibti, fungua macho," akasema askari.

Asya kafumba, pua imekunjamana.

Taghreed akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Asya! Si huyo hapo, baba yako kaja! Unafumba nini tena?"

"Najua kaja," akasema mtoto, macho yamefungwa vile vile. "Nataka akae kidogo."

Hapo ndipo nilipolia.

Nililia palepale kwenye ukumbi wa mpaka, na mkate wa kumimina mkononi, kilio cha sauti, kilio cha mazikoni, kilichochelewa miaka sita. Niliumwa mwili mzima. Askari akanichukulia sahani isianguke. Mzee mmoja kwenye foleni akawaambia wenzake waende geti la pili, wakaenda, Mungu awalipe.

Asya akafumbua macho. Hakushtuka hata kidogo. Alitoka kwenye zile nyayo, akaja, akanishika kidole, tukakaa kwenye viti vya ukutani. Taghreed wakamruhusu kurudi upande huu. Mkate tukaula pale pale, sote watatu, na askari tukamkatia kipande.

Sasa mtauliza funzo. Mimi si shekhe, ni mwandika leseni.

Kama uko mbali na mwanao na bado wanakupigia simu uje, hata kwa uongo, hata kwa muhuri, hata kwa jambo ambalo karatasi ingetosha, usiwaone wanakusumbua. Kuna mtu amekaa na masizi na mafuta jikoni anachemsha wanja ili wewe usipotee.

Na siku simu ikinyamaza, washa gari.